Nilikwenda Tanga kwa jicho la Bibi, nikarudi na daftari langu

Msomaji wangu, leo nina siri ya kukutobolea, ila usinicheke. Mimi ninayejifanya mwandishi na kukujazia kona hii, nilikuwa sijamaliza kusoma kitabu hata kimoja tangu nitoke kidato cha nne. Miaka minane! Loh!

Vichwa vya habari nasoma. Meseji nasoma, tena mpaka saa nane za usiku, na zile za umbea ndiyo usiseme. Lakini kitabu chenyewe, chenye jalada na kurasa, nikifika ukurasa wa nne tu mkono unaanza kuitafuta simu kama mlevi anavyotafuta kilabu. Nikajisemea kimoyomoyo kwamba mambo ya vitabu yalikuwa ya utoto, yameng'oka pamoja na meno ya utoto.

Basi bwana, mwezi uliopita mama mdogo akanipigia kutoka Tanga. Jicho la kulia la Bibi limefunga kabisa, la kushoto nalo linafuata njia hiyo hiyo. Mtoto wa jicho. Daktari kapanga kulipasua la kulia siku ya Alhamisi, na mama mdogo ana kichanga cha wiki tatu, hawezi kushinda hospitali. Zamu ikawa yangu. Nikamwachia mwenzangu meza yangu ya kava za simu pale Kariakoo, nikafunga begi.

WAJA LEO

Siku hizi safari ya Tanga inaanzia Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli. Ni kilomita kama 350 hivi. Unapita Chalinze, unavuka mto Wami, unaikuta Mkata, halafu Segera. Pale Segera ndipo abiria tunapoagana: wa Moshi na Arusha wanashika njia yao, sisi wa Tanga tunakata kulia.

Mimi simu yangu ilizima hata Segera hatujafika. Chaji kwisha! Kwanza nilichanganyikiwa, naigeuzageuza mkononi kama mtu aliyefiwa. Baadaye, kwa kukosa kazi, nikaanza kusoma kila kinachopita dirishani. Mabango ya maduka. Maneno nyuma ya malori. Bei za mkaa zilizoandikwa kwa chaki. Ndipo nikakumbuka kwamba hivi ndivyo nilivyokuwa utotoni. Nilikuwa nasoma chochote chenye herufi, hata karatasi iliyofungiwa karanga. Mama alikuwa akinituma dukani ananionya, "Usisome njiani, utagongwa!"

Muheza huhitaji kuambiwa umefika. Machungwa yanakuja yenyewe mpaka dirishani. Nikamnunulia Bibi mfuko mmoja, na saa tisa kasoro nikashuka Kange, stendi ya Tanga, mji ambao wenyewe wanauita Waja Leo.

Bibi anakaa Ngamiani. Kwa wasioijua Ngamiani, kule mitaa haikupewa majina ya wakubwa. Inahesabiwa: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Mtu hapotei Ngamiani, labda awe hajui kuhesabu. Na baiskeli kule bado zina heshima yake. Unamwona mzee kavaa kanzu na kofia yake, kanyooka juu ya baiskeli kama yuko juu ya farasi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekonda. Hiyo Dar inawala nini?"

Nilipigwa na butwaa. Siyo kwa hilo neno la kukonda, maana huo ndio utani wetu. Ni kwamba alikuwa anasema na mimi huku anaangalia bega langu.

KITABU KISICHO NA MWISHO

Usiku, baada ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga, Bibi akaniita chumbani. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati, lile la zamani la kusafiria. Akaingiza mkono, akapapasa, akatoa kitabu chembamba bila kukosea.

"Alhamisi wanalitia kisu jicho langu," akasema. "Likipona, alhamdulillahi. Lisipopona, ni mambo ya Mungu. Lakini kabla ya kisu nataka unisomee hiki mpaka mwisho. Mwisho wake sijausikia mwaka wa kumi huu."

Kilikuwa Wasifu wa Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Wapenzi wa taarabu wanamjua Siti. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mwaka 1880, kwenye familia ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu kuuza. Mwaka 1928 huyoo akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Akafariki mwaka 1950. Mtoto wa mfinyanzi, na leo jina lake halijazimika.

Nikaanza kusoma. Jamani, aibu! Mimi mwandishi wa gazeti nilikuwa nasoma kama ninayetangaza matokeo ya mpira: haraka haraka, sipumziki kwenye mkato wala kwenye nukta. Bibi akainua mkono.

"Taratibu. Kwani unafukuzwa na askari?"

Nikarudia. Kurasa tatu za mwanzo zilinitoa jasho. Kufika ya nne mkono ukaanza safari yake ya kuitafuta simu, nikaukumbusha kwamba Bibi yupo mbele yangu anasikiliza. Ukarudi. Baada ya hapo sijui ilikuwaje, maana niliposikia jogoo wa jirani anawika ovyo ilikuwa inaelekea saa saba za usiku na mimi bado nasoma, sauti imeshuka, imetulia, inakwenda na maneno.

Halafu kitabu kikakatika. Zilibaki kama sentimita mbili za karatasi pale kwenye mshono, zimechanika ovyo ovyo. Kurasa kama nane hivi hazipo.

Damu ikanienda mbio. Nilijua ziko wapi.

Nilikuwa kidato cha pili, masika, raba zangu za shule zimelowa chapachapa. Kukipambazuka nitakiwe gwaride. Gazeti halikuwepo ndani ya nyumba. Nikachukua kilichokuwa karibu, nikachana, nikafinyanga, nikazijazia raba ili zikauke. Kilichokuwa karibu ndicho hiki.

"Bibi," nikasema, "ni mimi."

"Najua."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nikasema mtoto ana shule kesho."

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nikifika hapo palipokatika namalizia kwa kukumbuka. Sasa kukumbuka nako kumepungua, najazia maneno yangu mwenyewe. Siyo yake tena."

We acha tu, msomaji wangu. Angenichapa ingekuwa nafuu.

KISOMO

Unajua, Bibi yangu hakusoma shule ya utotoni hata siku moja. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata nchi nzima ikaingia kwenye kampeni ya kisomo. Bibi alijiunga mwaka 1972, binti wa miaka ishirini na ushei, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Jioni, akishapika, anabeba ubao wake mdogo na chaki, anakwenda kukaa na kina mama wenzake kujifunza a, e, i, o, u. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli. Siku Bibi alipoweza kusoma barua bila kusaidiwa, Babu akamnunulia kitabu. Ndicho hicho nilichokigeuza soksi za raba.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza. Mchana, tumelala mkekani, ananisomea mstari, na mimi nafuata kwa kidole. Darasa la sita nikaanza kuandika hadithi yangu kwenye kaunta buku: msichana wa Raskazone anayejificha ndani ya mashua ya wavuvi ili aende kukiona kisiwa cha Toten. Kila Ijumaa namsomea Bibi kipande kipya, na yeye ananidai: "Ehe, halafu?"

Ilikuwaje nikaacha? Mambo mawili. La kwanza, mwalimu mmoja, jina nalihifadhi, alilikuta kaunta buku langu kwenye kipindi cha hesabu, akalisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kubana pua. Darasa zima likacheka mpaka machozi. Wiki nzima nikaitwa Mashua.

La pili lilikuja kimyakimya, na nafikiri ndilo lililoniua zaidi. Tulipofika kidato cha tatu, kitabu kikaacha kuwa hadithi kikawa swali la mtihani. Waliopita sekondari wananielewa. Taja dhamira. Onyesha migogoro. Eleza falsafa ya mwandishi kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma. Takadini tuliigawanya kwa pointi. Watoto wa Mama N'tilie tukaigawanya kwa pointi. Wengine hawakuvifungua vitabu vyenyewe. Walinunua karatasi za kudurufu zenye majibu, wakakariri, wakafaulu. Hakuna aliyewahi kuniuliza lile swali la Bibi: halafu? Nilipoufunga mtihani wa mwisho nikavifunga na vitabu. Ukiacha kutapika dawa unaacha na chupa yake.

KUVUKA RELI

Jumanne asubuhi nikamwambia Bibi kwamba nakwenda maktaba. Nikiikuta nakala nyingine nitazipiga picha zile kurasa kwa simu, nimalize kazi.

"Picha?" Bibi akauliza. "Ulichana kwa mkono. Rudisha kwa mkono."

Nikataka kwenda dukani kununua daftari. Akaniambia lile langu bado lina kurasa. Akalitoa kwenye sanduku. Kaunta buku langu! Jalada jekundu, pembe zimeliwa na mende, jina langu kwa hati ya kitoto. Miaka kumi lilikuwa limelala na kitabu nilichokichana.

Ukitoka Ngamiani kwenda mjini unavuka reli. Ndiyo reli ya kwanza nchini, Wajerumani walianza kuijenga hapo Tanga mwaka 1893. Ng'ambo ya pili nyumba zinabadilika, miti inakuwa mikubwa, na upepo wa bahari unakupokea. Maktaba ya mkoa iko huko. Ilijengwa miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza, George wa 6, aliyefariki mwaka 1952. Siku hizi iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na mfalme hana habari nayo.

Utotoni niliingia humo kila Jumamosi. Safari hii niliingia kama mtu anayerudi kwa mchumba aliyemkimbia. Harufu ni ile ile, ya karatasi ya zamani na sakafu iliyodekiwa. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wameinama kwenye madaftari yao. Dada wa mapokezi akanisikiliza, akanyanyuka, akapotea kati ya rafu. Nikaomba dua zote ninazozijua. Akarudi na kitabu. Kwa vile mimi siyo mwanachama, akaniambia nikisomee humo humo ndani.

Nikakaa karibu na dirisha, nikaanza kunakili. Ukurasa wa kwanza nilikuwa namlaani Bibi. Kidole cha kati kiliuma pale kalamu inapoegemea. Miaka yote hii naandika kwa dole gumba juu ya kioo, mkono umesahau kazi! Ukurasa wa pili nikaanza kugundua kitu. Ukisoma kwa macho unaweza kuruka. Ukinakili huruki. Kila neno linapita mkononi mwako, unalipima uzito, unajiuliza kwa nini kaweka hili akaacha lile. Nilimsoma Shaaban Robert shuleni nikitafuta pointi. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimsikia anaongea.

Saa tatu na nusu nzima nilikaa pale. Nilipomaliza nikarudi kurasa za mwanzo za kaunta buku, nikaisoma hadithi yangu. Tahajia mbovu, chumvi nyingi. Lakini yule msichana ndani ya mashua alikuwa hai. Alikuwa ameinua turubai achungulie, na sentensi ikaishia hapo hapo: "Akaona". Hakuna kilichofuata. Miaka kumi mtoto wa watu kainua turubai na hajaona kitu.

USIKU WA KUAMKIA KISU

Jumatano usiku nikamsomea Bibi mwisho wa kitabu chake kutoka kwenye hati yangu. Alikuwa kalala chali, mikono juu ya kifua, midomo inacheza kidogo. Kuna mahali alikuwa ananitangulia kwa neno moja. Kuna mahali akanisimamisha.

"Rudia hapo. Umeruka."

"Sijaruka Bibi, nimenakili neno kwa neno."

"Umeruka."

Sikubishana na mgonjwa. Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga. Bibi akavuta pumzi ndefu, akasema, "Haya. Sasa waje na kisu chao."

Alhamisi saa mbili wakamwingiza ndani. Nikabaki kwenye benchi. Kule ndani wanatoa ile lenzi ya jicho iliyoingia ukungu na kuweka nyingine ya kutengenezwa, siyo kazi ya siku nzima, lakini kwa anayengoja dakika moja ni mwaka. Nilikuwa na simu imejaa chaji. Sikuitoa. Nilitoa kaunta buku, nikafungua pale penye neno "Akaona", na kwa mkono unaotetemeka nikamwonyesha yule msichana kisiwa chake. Niliandika kurasa mbili na robo. Siyo za kwenda gazetini, wala hakuna atakayenilipa. Niliziandika kwa sababu nilijua Bibi akitoka ataniuliza: ehe, halafu?

Kesho yake asubuhi wakamfungua bandeji. Akapepesa, akapepesa, akanikazia jicho usoni, siyo begani. Tukashika pumzi.

"Mbona una chunusi?" akasema.

Nililia pale pale, msomaji wangu, sioni aibu kukuambia.

KUMWAMKIA MWENYEWE

Mchana wake nilipita maktaba kulipeleleza lile neno. Kwa kweli nilikuwa nimeruka mstari mzima! Bibi alisahau mengi, ila sikio halikusahau. Nikaurudisha mstari wangu, na Jumamosi, Bibi akiwa ameshatulia nyumbani, akanituma. "Nenda Machui ukamwamkie mwenyewe. Umemchana, umemrudisha, sasa mpe salamu."

Machui ni kusini mwa mji, kama kilomita kumi hivi kwa njia ya Pangani. Nilikwenda na bodaboda. Ukiacha mji nyuma minazi inakushika kila upande. Hapo Vibambani, Machui, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na hapo Machui ndipo alipozikwa alipofariki mwaka 1962. Nikamsomea Fatiha, nikakaa kidogo chini ya mti.

Nilikuwa nafikiria jambo moja. Huyu tunayemwita baba wa fasihi, kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani. Alianza Idara ya Forodha mwaka 1926, akazungushwa vituo mbalimbali, akamalizia Tanga. Na kwa miaka mingi alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, za kuanzia mwaka 1931 mpaka 1958, zilikusanywa zikatolewa kitabu mwaka 2002. Alipokuwa anaziandika alikuwa na msomaji mmoja tu anayezingoja, na msomaji mmoja alimtosha.

Hapo nikaelewa kilichonipata. Mimi sikuchoka na vitabu. Nilichoka kusoma kwa ajili ya alama, na nikachoka kuandika nikiogopa kuchekwa. Mtu mmoja akanilalia chali akanisikiliza, na yote mawili yakarudi kwa usiku mbili. Nawe kama yako yamepotea, usianze na kitabu kinene wala na ahadi ya mwaka mpya. Tafuta wa kumsomea. Mtoto, mzazi, jirani asiyeona vizuri. Ukiogopa kuchekwa, anza na bibi yako, atakucheka kwa mapenzi.

Nilikaa Tanga siku kumi. Siku ya kuondoka nilimkuta Bibi barazani kavaa miwani yake ya kusomea, kanyoosha mkono mbali, kaunta buku langu wazi mbele yake. Anasoma mwenyewe, kwa kunong'ona, jicho moja kalifumba. Nikasimama mlangoni na begi langu, roho imejaa, nangoja asifie.

"Hati yako imeharibika," akasema bila kugeuka. "Ya darasa la sita ilikuwa nzuri zaidi."

Halafu akafunua ukurasa, akakuta umefika mwisho, mweupe.

"Ehe," akasema. "Halafu?"

Sasa kila Ijumaa usiku nampigia na kumsomea kipande kipya. Mashua imeshafika kisiwani, na msichana bado hajajua atarudi vipi. Jicho la kushoto watalipasua baadaye, na Bibi keshaniambia nisipande basi bila kitabu.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.